Safu ya Nne

Bili ya Julai ilifika Ibra kabla yangu.
Nimeikuta chini ya bakuli la tende,
imekunjwa mara nne kama hirizi,
na mama hajasema kitu.
Amenimiminia kahawa, akaniuliza watoto,
barabara ya kutoka Maskati, joto.
Kiyoyozi cha sebuleni kimya.
Amekifunika kitambaa cha kufuma,
kama maiti wa heshima.

Dirishani, chungu cha rehani kimekauka.
Kilikuwa kikinywa matone ya kiyoyozi.

Bili ile naijua tangu haijazaliwa.
Ofisini kwetu Al Khuwair, ghorofa ya sita,
mwaka ule bei ya mafuta iliposhuka
na deni likaja kama maji ya wadi, bila hodi,
nilipewa jedwali la safu tano.
Ya nne ni ruzuku.
Bwana Zahran, mtu mpole, akaniinamia begani:
"Isianguke. Ipungue tu."
Nikaandika. Themanini. Hamsini na tano. Thelathini.
Chai yangu ilikuwa na zafarani.
Nilikuwa nimevaa sweta, kwa baridi ya mle ndani.

Nisiongope: hesabu ilikuwa sahihi.
Kwa nini nchi ikope
ili bwawa la mtu kule Qurum lipozwe
kwa bei ile ile ya friji
inayotunza insulini ya mama?
Nililisema hilo kikaoni, nikapongezwa.
Ila safu haina macho.
Ilishuka kwa bwawa,
ikashuka kwa insulini.

Usiku tumepanda darini na godoro.
Dari ya pili, Bi Shinuna anakohoa;
ya tatu, mtoto anasoma kwa mwanga wa simu.
Mtaa mzima umerudi juu
kama enzi za kabla ya nguzo za umeme.

"Unadhani nimekasirika," mama akasema.
"Shinuna alipoanguka mwezi wa Shaabani
gari la wagonjwa lilifika kahawa haijapoa.
Muuguzi, kibinti cha Sohar, alimshika mkono njia nzima.
Hilo nalo lina mlipaji. Si mjinga mimi.
Dukani wananikata tano kwa mia kwenye sabuni, natoa.

Lakini nilipoletwa hapa, bibi arusi kutoka Wete,
sijui hata salamu ya watu hawa,
mama mkwe alinitoa nje usiku
akanionyesha nyota.
Ikichomoza pale, maji ya falaji ni yetu.
Ikifika pale, ni ya jirani.
Tajiri na mimi tulitazama nyota moja.
Hii yenu," akagusa bili kifuani mwake,
"nionyeshe nyota yake."

Nikatazama juu.
Taa za barabarani zimezila zote.

Alfajiri nikaikuta bili mfukoni mwa kanzu yangu,
nyuma imeandikwa kwa kalamu ya risasi,
mwandiko wa chuoni, umeinama kidogo:

Bili nimeipokea, tarakimu nimesoma,
kulipa nimezoea, sikukimbia gharama,
swali ninalongojea, kalamu ilipozama:
nani alomtetea asiyefika kusema?

Sikumwambia habari za safu ya nne.
Yeye hakuniuliza kazi yangu hasa ni nini;
miaka kumi na moja hajauliza,
na mama yangu si mtu wa kusahau kuuliza.

Nikawasha kiyoyozi. Akakizima.
Nikakiwasha tena, nikamwambia nitalipa mimi.
"Utanilipia mimi," akasema, "na Shinuna?"

Jumapili nina kikao saa tatu.
Jedwali ni jipya, safari hii ni maji.
Safu ya nne bado tupu,
na Bwana Zahran amekwisha nitumia ujumbe
kwamba nije na sweta.